Ivutwe au Iendeshwe?

Mwenye gari wa Unguja hudhalilika kwa njia nyingi, lakini hakuna inayochoma kama kuvutwa kwa kamba kupita Mwanakwerekwe saa za soko. Dhila ya namna hii haipoi upesi. Familia imetoka Amani asubuhi, imevaa ikavalika, inakwenda Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa. Nyuma kuna sinia la wali limefunikwa kawa, mbele amekaa bibi mzaa baba kwa heshima zake zote, na dereva amekwisha kuwaahidi watu kwamba kabla ya adhuhuri watakuwa wanatazama wanaume wakitandikana kwa migomba. Adhuhuri inawakuta wanarudi mjini nyuma ya Suzuki Carry ya mchanga, wamefungwa kwa kamba ya kuanikia nguo iliyokunjwa mara nne. Wauza ndizi wanaacha kuuza. Wanaomfahamu dereva wanampungia mkono, na wasiomfahamu nao wanampungia. Yeye hawezi kumrudishia mtu salamu, maana mikono yote miwili ina kazi ya kupigana na usukani uliokataa kukata kona. Watu wana haki ya kucheka, ila wanacheka kitu sicho. Gari kuharibika si aibu, kila chombo cha chuma kina siku yake. La kuchekesha, na mwishowe la kuliza, ni uamuzi uliotolewa kando ya barabara muda mfupi kabla, kwamba gari ivutwe. Nadai kwamba uamuzi huo siku hizi ni wa makosa karibu kila mara: gari ya otomatiki iliyozimika safarini isivutwe kwa kamba wala isilazimishwe kwenda, ipakiwe juu ya gari nyingine, au ibaki pale pale mpaka itakapopakiwa. Najua dai hili litawaudhi wengi, hasa wale wanaotembea na kamba kwenye buti kwa fahari.

Uamuzi wenyewe hutolewa na baraza lisilokuwa na mwenyekiti. Gari ikizimika Tunguu, wanaume wote waliomo huteremka na kusimama mbele ya boneti iliyofunguliwa, mikono nyuma, wakiitazama injini na kungoja ijieleze. Shemeji anashika waya wa plagi, anauachia. Kijana mmoja anasema ni betri, kwa sababu betri ndiyo kitu pekee anachokijua jina. Mwisho husema ami, na ami husikilizwa, kwani aliwahi kuendesha Bedford ya bodi ya mbao enzi zile gari za shamba zikibeba watu, mihogo na mbuzi kwa nauli moja. Katika Bedford ile ami alivuta, akavutwa, akasukuma, akasukumwa, na gari ikawaka. Ndiyo maana hukumu yake ni moja siku zote: leteni kamba. Ami hasemi uongo. Anasema kweli ya gari nyingine. Bedford, Land Rover na Peugeot 404 zilikuwa gari za klachi, na giaboksi ya klachi ni sanduku lililotiwa oili ambamo gia zimezama: kila inayozunguka huichota oili na kuirushia jirani yake, iwe injini inaunguruma au imekufa. Ukiweka gia huru, magurudumu yanakwenda, oili inaruka, hakuna kinachoungua. Na ukitaka kuiwasha kwa kusukuma, klachi inaunganisha magurudumu na injini chuma kwa chuma, basi wanaume sita walioshiba wanatosha. Ujuzi wa ami ulikuwa sahihi mpaka gari zilipobadilika, nazo zilibadilika bila kumpa taarifa.

Giaboksi ya otomatiki ni kiumbe kingine kabisa, na anayeichunguza kwa utulivu hawezi kuacha kuistaajabia. Kati ya injini na gia hamna klachi ya kukanyagwa. Mna pipa dogo la mviringo, mafundi wanaliita toki konveta, lenye feni mbili zinazotazamana na limejaa oili. Feni ya kwanza imefungwa upande wa injini, ya pili upande wa gia, na baina yao kazi hufanywa na oili. Injini inazungusha ya kwanza, ya kwanza inaivurumisha oili, oili inaisukuma ya pili, na chombo cha zaidi ya tani moja kinauacha mzunguko wa Amani kwa nguvu ya kimiminika tu. Nyuma ya pipa kuna gia zilizopangwa kwa mtindo wa jua na sayari: moja katikati, ndogondogo zinaizunguka, na duara lenye meno kwa ndani limezikumbatia zote. Gia hizi hazihami. Kinachofanyika ni kuizuia hii na kuiachia ile, na kila mchanganyiko unatoa mwendo wake. Za kuzuia ni sahani nyembamba zilizopangwa tabaka kwa tabaka, nazo hubanwa kwa shinikizo la oili. Kwa hiyo oili humu ndiyo inayosukuma, ndiyo inayobana, na ndiyo inayolainisha na kupoza. Na nani anaisukuma oili? Pampu moja iliyokaa mbele ya sanduku, inayozungushwa na lile pipa, ambalo nalo linazungushwa na injini. Injini ikizimika, pampu imelala, na oili inateremka kwenye sampu na kutulia.

Sasa funga kamba. Magurudumu yanayoendesha yanazunguka, eksili inazunguka, na shafti ya mwisho ya giaboksi nayo inazunguka, kwa sababu hakuna kinachoitenga na magurudumu. Sayari zote zinazungushwa kutokea nje kuingia ndani, kinyume cha desturi yao, bila tone jipya la oili. Bushi zinaanza kuila shafti, chuma kinapata moto, na oili kidogo iliyosalia kwenye kuta inakauka. Ndani ya gari hasikii mtu kitu. Hiyo ndiyo hila yake: giaboksi inakufa kimya, huku bibi akimsifu mjukuu wake kwamba leo gari haina kelele. Kwa sababu hiyo hiyo, kuisukuma otomatiki ili iwake ni kutoa jasho sadaka. Bila pampu hamna shinikizo, bila shinikizo sahani hazibani, na sahani zisipobana magurudumu hayana njia ya kuifikia injini. Vijana wa Fuoni wanaweza kuisukuma mpaka Dunga. Itafika Dunga imezimika.

“Weka N,” atadakia mtu, na hili ndilo pingamizi linalorudiwa kuliko yote. N haifungui kitu upande wa magurudumu. Inaziachia zile sahani ili injini isipeleke nguvu, basi. Shafti ya mwisho inabaki imeshikana na magurudumu vile vile. (P ni balaa zaidi, kwani ina kidole cha chuma kinachoingia kwenye meno na kuikaba shafti, anayeisahau huko anaburura gari, havuti.) Pingamizi zito hutoka kwa waliosoma. Vitabu vya gari kadhaa za Toyota vinaruhusu otomatiki kuvutwa magurudumu yote manne yakiwa chini pale inapokuwa hapana budi, kwa mwendo wa chini ya kilomita 30 kwa saa na kwa masafa yasiyozidi kilomita 80. Nakubali. Na kwa kuwa Unguja ina urefu wa kilomita 85 hivi kutoka ncha hadi ncha, mtu anaweza kudai kwamba karibu kisiwa kizima kimo ndani ya ruhusa. Lakini huo mwendo wa 30 nani anauweza barabara ya Kitogani, huku gari ya shamba iko nyuma inapiga honi, na mwenye Suzuki aliyejitolea kuvuta ana mchanga wake unaomngoja? Ruhusa hiyo pia haimhusu mwenye gari inayoendesha kwa magurudumu manne, wala mwenye haibridi, ambayo ikiburuzwa huizungusha mota yake na kuanza kufua umeme usioombwa na mtu. Masharti yote haya yameandikwa vizuri kwenye kitabu, na kitabu kimo kwenye kidroo mbele ya abiria, kwa Kijapani.

Gari zetu nyingi hazikutengenezewa sisi. Alitengenezewa mtu wa Nagoya au Osaka, akaitumia, na ilipomrudia zamu ya ukaguzi wa serikali, ule unaoanza gari ikitimiza miaka mitatu na kurudi kila baada ya miaka miwili, akaona gharama ya kuipitisha haimlipi. Wao wanaendesha kushoto na sisi tunaendesha kushoto, usukani uko upande ule ule, ikapakiwa melini. Kila kitu kilihama isipokuwa maelezo. Redio yake inaishia mawimbi ya 90, kwa sababu kwao ndipo zilipokuwa zikiishia stesheni. Hapa kicheko kinaniishia. Mtu anaweka akiba miaka, ananunua chombo cha kupakia mama yake na watoto wake, na hapewi hata karatasi moja ya Kiswahili ya kumweleza chombo hicho kikizimika kifanywe nini. Hata chupa ya dawa ya kikohozi huja na maelezo. Muuzaji humwonyesha namna viti vinavyolala, humwonyesha kamera ya nyuma na taa zinazobadilika rangi, na kuhusu giaboksi humwambia “iko laini.” Kwenye mafunzo ya udereva anasomeshwa alama za barabarani mpaka azikariri, na la kuvuta gari anaachiwa ami. Yanayohitajika yangeenea kwenye kibandiko kimoja cha ukubwa wa kiganja: aina ya giaboksi, magurudumu yanayoendesha, mwendo, masafa. Wauzaji wangeweza kukibandika kwenye kioo kesho asubuhi.

Watatajwa Wamarekani, kama kawaida. Kule zipo familia zinazosafiri na nyumba ya magurudumu yenye vitanda na jiko, na nyuma yake zinaburuza gari ndogo, matairi manne chini, kutoka jimbo hadi jimbo, nayo ikifika inawashwa na kuendeshwa dukani. Ni kweli, na mfano huo unanisaidia mimi. Wenzetu wale huuliza habari ya kuvuta kabla ya kununua. Jeep Wrangler inapendwa kwa kazi hiyo kwa sababu ina sanduku la pili la kugawa nguvu, na sanduku hilo lina nafasi ya kuyatenga kabisa magurudumu na giaboksi. Honda CR-V ilipendwa miaka mingi kwa sababu Honda wenyewe waliandika utaratibu wake: washa injini, zipitie gia zote, rudi N, iache iungurume dakika chache ili oili ienee, kisha zima ndipo uvute. Toleo la 2015 lilipokuja na giaboksi ya mkanda, ruhusa ikaondolewa, na wanaovuta wakatafuta gari nyingine. Tena hawavuti kwa kamba, wanavuta kwa mtarimbo wa chuma wenye maungo, wanaiwekea gari ya nyuma taa na kifaa cha kuifungia breki, na ndani yake hamna mtu. Sisi katika yote hayo tumechukua kuvuta peke yake.

Hilo la mtu ndani ndilo linalonikera kuliko giaboksi. Breki za gari za sasa husaidiwa na kopo la duara lililo nyuma ya pedeli, linalotumia mvuto wa hewa unaotoka kwenye injini. Injini ikizimika, kopo linabaki na akiba ya mikanyago miwili mitatu. Baada ya hapo breki zipo, lakini zinataka mguu wa mpagazi. Usukani nao hupoteza msaada wake, na ufunguo ukichomolewa unaweza kujifunga kabisa katikati ya kona. Ipeleke gari hiyo kwenye matuta ya Jozani. Matuta yale yaliwekwa kuwanusuru kima punju waliokuwa wakigongwa wakivuka barabara, na yanafanya kazi yake. Wa mbele anapunguza mwendo kwenye tuta. Wa nyuma anakanyaga pedeli isiyokubali, anamkaribia. Kamba inalegea, inalala chini, tairi linaikanyaga. Wa mbele anashuka tuta na kuongeza mafuta. Kamba inakaza kwa ghafla, na hapo ama imekatika, ama imeng'oa bampa, ama shingo za abiria zote zimetikiswa kwa pamoja, watoto wakiwa wamepakatwa. Kima wanatazama kutoka juu ya miti. Wao wana hifadhi yao na walinzi wao. Abiria wa gari inayovutwa wana dua ya bibi.

Kamba yenyewe nina heshima nayo, nisije nikaeleweka vibaya. Kamba ya usumba, inayosokotwa na wanawake wa vijiji vyetu vya pwani kutokana na makumbi yaliyofukiwa kwenye tope la bahari, ni kitu hodari: inanyumbuka, inastahimili maji ya chumvi, na ndiyo iliyoshona mitepe, vyombo vya kale vya pwani hii vilivyoungwa mbao kwa mbao bila msumari. Lakini inayofungwa kwenye Vitz ni nailoni ya dukani. Nailoni hunyumbuka ikahifadhi nguvu, na ikikatika inarudi na ndoana yake kwa kasi ya kuvunja kioo. Nayo hufungwa popote mkono unapofika, kwenye plastiki ya bampa au kwenye mkono wa gurudumu, wakati katika gari nyingi mahali pake hasa pana kifuniko kidogo kwenye bampa, nyuma yake mna tundu la kukazia pete ya chuma, na pete hiyo hukaa kwenye mfuko wa jeki, kama bado ipo.

Linabaki pingamizi la pesa, na hili sina mzaha nalo. Bredauni hazikujaa barabara za shamba, na kupakia ni ghali kuliko kamba, ambayo huazimwa bure na kurudishwa fupi. Ila hesabu ifanywe yote. Kenta ya mawe, mbao mbili nene na kilima cha udongo kando ya barabara vinatosha kuipandisha gari ndogo, na bei yake hukubaliwa kwa maneno pale pale. Upande wa pili wa mizani kuna giaboksi ya mtumba isiyojulikana ilikotoka, ujira wa kuishusha mbovu na kuipandisha hiyo, oili mpya, na wiki nzima za kuambiwa “kesho, inshallah.” Na atakayelipa si ami. Wanaoogopa kuiacha gari kijijini kwa sababu ya wezi wanakisahau kisiwa wanachoishi. Kila shehia ina sheha, na kila kijiji kina wazee wanaoshinda barazani. Gari iliyoachwa mbele yao itajulikana nani aliikaribia, alivaa nini, na ni mtoto wa nani.

Ama kuhusu kuiendesha hivyo hivyo mpaka nyumbani, nitakuwa mfupi. Gari iliyochemka isiendeshwe: kichwa cha injini ni aluminiamu, hupinda kwa moto, na gasketi ikishaungua hukutana maji na oili, vitu visivyofaa kukutana. (Na fundi anayeitoa themostati kwa kuwa “nchi yetu ya joto,” aulizwe kwa nini Mjapani hakuitoa kwa joto la Agosti la Osaka.) Taa ya oili ikiwaka, zima hapo hapo. Betri imekufa, azima waya. Tairi limepasuka, badilisha. Kiyoyozi kimekataa, fungueni madirisha mwende. Mafuta yakiisha, hilo halina uhusiano na ufundi.

Kwa hiyo ombi langu kwa anayeipeleka familia shamba ni kwamba uamuzi ufanyike nyumbani, kabla watu hawajapanda na kabla ami hajaombwa ushauri. Jua giaboksi yako ni ya aina gani na magurudumu yanayoendesha ni yapi, mwombe anayejua Kijapani akusomee ukurasa mmoja tu wa kitabu kile, na iweke simuni nambari ya mwenye kenta. Ikitokea gari imezimika katikati ya barabara na lazima iondoke, basi kamba iishie pembeni mwa barabara, na watoto na wazee wawe wameshateremka. Gari ya shamba ya kwenda Makunduchi ni nambari 310, nayo ina injini inayowaka na breki zinazokamata.